Linauma Bila Kukatika, au Linakuja na Kuondoka?

Kuna swali ambalo nimelisikia likiulizwa mara nisizoweza kuzihesabu tangu nianze kazi ya uuguzi hapa Uingereza. Mgonjwa akisema tumbo linauma, kichwa kinauma au mgongo unauma, daktari atamuuliza: “Is it constant, or does it come and go?” Yaani, maumivu yapo muda wote bila kukatika, au yanakuja na kuondoka? Swali lenyewe ni jepesi, lakini jibu lake linaweza kuamua kama utapelekwa kupigwa picha usiku huohuo au utapewa vidonge urudi nyumbani. Na hapo ndipo wengi wetu tunapojibu kwa neno moja linalovuruga kila kitu: “Always.”

Mimi nilisomea stashahada ya uuguzi Tanzania, nikafanya kazi kidogo, kisha nikaja kuchukua shahada huku. Nilipofika nilidhani nitasumbuliwa na maneno makubwa ya kitabibu. Hayakunisumbua, kwa sababu hemoglobini ni hemoglobini popote uendapo. Kazi ilikuwa kwenye maneno madogo ya muda. Waingereza wana rundo la maneno ya jambo linaloendelea bila kusimama: “constant”, “continuous”, “continual”, “persistent”, “chronic”, “ongoing”, “non-stop”, na mengine ya vitabuni kama “perpetual” na “incessant”. Ukimuuliza mtu wa kwetu, karibu yote atakutafsiria “siku zote” au “daima”. Wodini hayafanani hata kidogo.

Tuanze na hilo “always”. Mtu akisema “tumbo linaniuma kila wakati”, anaweza kuwa na maana mbili tofauti. Ya kwanza, linauma sasa, lilikuwa linauma saa moja iliyopita, na halijapumzika tangu jana. Ya pili, linauma, linaacha, halafu wiki ijayo linarudi tena, na amechoka nalo. Sisi kwa sisi tunaelewana kwa sauti, kwa uso, kwa mkono uliowekwa mahali panapouma. Maneno hayo yakishageuzwa kuwa “always” na kuandikwa kwenye faili, uso na mkono havipo tena.

Nitoe mfano, nikiwa nimebadilisha mambo madogo ili mwenyewe asitambulike. Mama mmoja wa Mombasa aliletwa hospitali na mwanawe wa miaka kama 13. Mkalimani wa simu alikuwa bado hajapatikana, basi mtoto akawa anamtafsiria mama yake. Daktari akauliza lile swali letu. Mtoto akajibu, “She says it's always paining.” Daktari akaanza kuandika “constant”. Nilikuwa kitanda cha jirani, nikaomba ruhusa nimsalimie mama.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Kumbe mwenzetu upo hapa!”

“Nipo mama. Hebu niambie, hilo tumbo likishakushika huwa linakuachia, au liko tu?”

“Huniachia. Nikila chakula cha mafuta usiku, hunishika hapa chini ya mbavu, upande wa kulia, likapanda mpaka nyuma ya bega. Saa mbili, saa tatu. Kisha huniachia kabisa, naamka mzima. Lakini sasa ni kila wiki, mwanangu, nimechoka.”

Daktari alipoelezwa hivyo, akaifuta ile “constant”. Maumivu yanayomshika mtu kwa saa kadhaa baada ya mlo wa mafuta, chini ya mbavu za kulia, kisha yakaisha kabisa, humfanya daktari afikirie mawe kwenye mfuko wa nyongo. Baadaye mkalimani wa simu alipatikana, akayarudia maelezo yote vizuri, na mama akaandikiwa kipimo cha ultrasaundi. Yule mtoto hakufanya kosa lolote. Alitafsiri “kila wakati” kama alivyofundishwa. Ndiyo maana huku mtoto hatakiwi kubebeshwa kazi ya ukalimani wa mzazi wake. Katika NHS mkalimani ni bure kwa mgonjwa, na Marekani nayo sheria inazizuia hospitali kumtegemea mtoto kama mkalimani isipokuwa kwa dharura. Unapopanga miadi, sema tu: “I need a Swahili interpreter.” Wala usione haya, hata kama unakwenda sokoni na kazini kwa Kiingereza chako bila tabu.

Sasa geuza mfano huo. Kidole tumbo, kile kinachoitwa pia apendiksi, mara nyingi huanza na maumivu katikati ya tumbo ambayo yanaweza kuja na kuondoka. Baada ya saa kadhaa maumivu huhamia chini upande wa kulia, na hapo huwa makali na hayakatiki tena. Hayo mabadiliko, kutoka yanayokuja na kuondoka hadi yasiyokatika, ndiyo habari anayoitafuta daktari. Mgonjwa anayejibu “always” amelipa jana na leo jina moja, na habari yote imepotea.

Na kuna mahali ambapo neno hili linabeba roho mbili. Dada zangu wajawazito, hapa naomba msome polepole. Uchungu wa kawaida wa kujifungua huja na kuachia. Tumbo linakaza, linakuwa gumu kama ubao, halafu linalegea, unapumua, unaweza hata kuomba chai. Mkunga anayekuuliza kwenye simu “How often are they coming?” anategemea kusikia dakika: kila baada ya dakika kumi, kila baada ya tano. Lakini kama tumbo limekaza na halilegei, na maumivu yapo muda wote, hapo usiseme “I have labour pain” ukanyamaza. Sema: “The pain is constant. It does not go away. My tummy stays hard.” Maumivu yasiyoachia yanaweza kuwa dalili ya kondo la nyuma kubanduka kabla ya mtoto kuzaliwa, na damu inaweza kuwa inavuja ndani bila kuonekana nje. Hilo halisubiri asubuhi, wala halisubiri shemeji atoke kazini akupeleke na gari. Ukisema “constant”, mkunga atakuambia uje mara moja. Ukisema “always” au “too much”, anaweza kukuambia uoge maji ya moto, umeze parasetamoli, kisha upige simu tena.

Kiswahili chetu kinaujua utengano huu vizuri sana. Ni sisi tunaosahau kuutumia. “Kichwa huniuma” si sawa na “kichwa kinaniuma”. Ile “hu” inasema ni mazoea, linatokea na kurudi. “Nimeshinda naumwa” ni mchana mzima, na “nimekesha naumwa” ni usiku mzima. “Kutwa kucha” hakuna pumziko. “Mara kwa mara” pana mapumziko. “Yananiachia” na “hayakatiki” ni maneno mawili yaliyotosha kuandika nusu ya faili. Angalia tu neno “kata” lisikuchanganye: “tumbo linanikata” ni namna ya maumivu, na “maumivu hayakatiki” ni muda wake. Nimewahi kumsikia mtu akisema “my stomach is cutting”, na muuguzi Mwingereza akatafuta kidonda.

Ushauri ninaowapa watu wa kanisani kwetu na majirani ni kwamba kabla ya kumwona daktari, sema kwanza moyoni kwa Kiswahili kamili: tangu lini, linaachia au haliachii, likiachia linakaa muda gani. Kisha tafuta Kiingereza chake. Kwa linalorudi, sema “it comes and goes” au “on and off”. Kwa lisiloachia, sema “it's constant” au “it's there all the time”. Na kwa jambo lililoanza zamani na bado lipo, usiseme “I am paining since Tuesday”. Sema “I've had this pain since Tuesday”. Hakuna atakayekucheka kwa ile ya kwanza, lakini ya pili haiachi shaka.

Wanafunzi hupenda kuniuliza kuhusu “continuous” na “continual”, maana walimu huku hukata alama. Tofauti ya kawaida ni hii: “continuous” haina pengo, na “continual” inarudi tena na tena kwa karibu. Mwingereza H. W. Fowler aliieleza katika kitabu chake cha matumizi ya Kiingereza cha mwaka 1926, na jambo moja alilolisema hunisaidia hadi leo: kitu kikiwa “continuous” si lazima kiwe cha milele. Dakika kumi za mvua isiyokatika ni “continuous”, ingawa imekwisha. Kusema kweli Waingereza wenyewe mitaani hawaujali sana utengano huu. Hospitalini tunaujali.

Mfano ni namna mkunga anavyosikiliza moyo wa mtoto. Mimba isiyo na hatari, mkunga husikiliza kila dakika 15 uchungu ukishachangamka, na kila dakika 5 mama anaposukuma. Mimba yenye hatari, mama hufungwa mikanda ya mashine tumboni, na moyo wa mtoto huandikwa bila kuacha. Hiyo ndiyo “continuous monitoring”. Kwa watu wazima tuna chati ya alama iitwayo NEWS2, iliyotolewa na Royal College of Physicians mwaka 2017. Mgonjwa mwenye alama 0 anapimwa angalau kila baada ya saa 12. Mwenye 5 au 6, angalau kila saa. Akifika 7, chati inataka afuatiliwe bila kukatika. Kwa hiyo ukisikia ndugu yako amewekewa “continuous monitoring”, ujue hali yake imepanda ngazi. Kama unasafiri kutoka mji mwingine kuja kumwona, usingoje wikiendi.

Kumbuka pia karatasi za dawa za nyumbani, “kutwa mara tatu”, ile moja kwa tatu. Neno “kutwa” lina maana ya mchana mzima, lakini kidonge unakimeza mara tatu tu. Dawa inakuja na kuondoka ili kazi yake mwilini isikatike. Ndiyo maana ukiruka dozi ya mchana ya antibayotiki, pengo halipo kwenye karatasi tu, lipo kwenye damu.

“Continuous” ina ndugu zake pia. Inatoka kwenye Kilatini, neno la kushikilia pamoja, na ndugu yake mmoja ni “continent”, bara, yaani nchi iliyoshikana. Ndugu mwingine ndiye aliyenifanya nicheke wodini: mwanafunzi mgeni aliulizwa kuhusu mgonjwa, “Is she continent?” Akajibu kwa adabu, “Africa, sister.” Walikuwa wanauliza kama mama anaweza kubana haja yake.

“Persistent” ni king'ang'anizi. Hapa muda una namba, na namba hizo zinatofautiana. Nyumbani tulifundishwa kwamba kikohozi cha wiki 2 au zaidi lazima kichunguzwe kifua kikuu. Hapa NHS inakuambia umwone daktari kikohozi kikizidi wiki 3. Kwa hiyo usimwambie daktari tu kwamba unakohoa. Mwambie “a persistent cough, four weeks now”, na kama umetoka safari au umekaa na mgonjwa wa kifua, taja hilo pia. Yeye hawezi kulijua usiposema.

“Chronic” ndilo linalotisha watu bure. Tumezoea kulitafsiri “sugu”, na “sugu” kwetu ina ukaidi ndani yake: malaria sugu ni ile iliyoshinda dawa. Mzee mmoja kutoka Bujumbura alipata barua iliyoandikwa “chronic kidney disease, stage 3”. Alikaa siku nne bila kula vizuri, akawapigia watoto wake Kanada na Ubelgiji kuwaaga. “Chronic” inatokana na neno la Kigiriki la wakati, basi. Inasema ugonjwa umekaa muda mrefu. Kwa figo ni zaidi ya miezi 3, na kwa maumivu ni hivyo hivyo. Haisemi ni mkali kiasi gani, wala haisemi dawa zimeshindwa. Wengi wenye figo za hatua ya 3 hawafikii kusafishwa damu kwa mashine. Wanahitaji kuiangalia presha, sukari na dawa za maumivu wanazojinunulia dukani. Upande wa pili, “acute” haimaanishi “mahututi”. Ni jambo lililoanza ghafla. Mzee alipoelezwa hivyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama bado anaruhusiwa kula ndizi. Hilo lilikuwa swali zuri kuliko yote, nikamwelekeza kwa mtaalamu wa lishe.

Sasa “ongoing”. Fomu ya afya kazini itauliza: “Do you have any ongoing health conditions?” Fomu ya bima ya safari itauliza karibu vilevile. Mtu wetu mwenye presha anajibu hapana, kwa sababu leo kichwa hakiumi na kidonge kinafanya kazi. Mwenye pumu anajibu hapana kwa sababu hajabanwa tangu Ramadhani. Si uongo, ni namna tulivyozoea: kuumwa kwetu ni kulala chini. Lakini neno hilo linauliza kuhusu hali iliyopo, hata kama leo imetulia. Ukijibu hapana, kisha ukaugua presha ukiwa Dar es Salaam kwenye harusi, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa.

Selimundu ndiyo inayonionyesha jambo hili waziwazi kuliko ugonjwa mwingine wowote. Familia nyingi zinazosoma gazeti hili zinaijua. Maumivu yake huja na kuondoka: mtoto anacheza mpira Jumamosi, Jumapili analia mifupa. Ugonjwa wenyewe hauondoki. Mwalimu akiandikiwa kwamba mtoto huumwa “sometimes”, anafikiri ni mafua. Mwandikie kwamba ni “a lifelong condition” na kwamba maumivu hurudi bila taarifa, kwamba mtoto anahitaji maji ya kunywa darasani muda wote, na kwamba asiachwe uwanjani kwenye baridi. Nimeona barua ya namna hiyo ikimpatia mtoto koti wakati wa mapumziko na ruhusa ya kwenda chooni bila kunyoosha mkono. Ni vitu vidogo, lakini kwa mtoto yule ni wiki nzima ya shule asiyoikosa.

Neno la mwisho halihusu hospitali, ila linawakosesha wauguzi usingizi kuliko zamu ya usiku: “continuous” ya kwenye karatasi za uhamiaji na kazi. Kwa sheria, “continuous residence” haina maana kwamba hujawahi kutoka nje ya nchi. Ina maana kwamba hujatoka kupita kiasi kilichowekwa. Marekani, mwenye kadi ya kijani anayeomba uraia kwa njia ya kawaida anatakiwa miaka 5 ya ukaazi usiokatika. Safari moja ya zaidi ya miezi 6 inaweza kuhesabiwa kuwa imeukata, na ya mwaka mzima huukata. Halafu wanahesabu kando siku ulizokuwa nchini kwa mwili wako, angalau miezi 30 ndani ya hiyo miaka 5. Falme za Kiarabu, mgeni aliyeajiriwa kampuni binafsi anastahili kiinua mgongo akitimiza mwaka mmoja wa utumishi usiokatika, na siku alizokosa kazi bila malipo hazihesabiwi ndani yake. Basi kabla hujachukua likizo ndefu bila mshahara, uliza kwanza inafanya nini kwenye hesabu yako.

Hapa Uingereza, kwa sisi tulioingia kwa viza ya kazi, kipimo ni siku 180 nje ya nchi katika miezi 12 yoyote. Si Januari hadi Desemba, ni miezi 12 yoyote utakayoishika. Sheria za ukaazi zinabadilika mara kwa mara, kwa hiyo soma tovuti ya serikali mwenyewe, usitegemee kundi la WhatsApp. Na hata ukishapata ile “indefinite leave to remain”, jina lake linasema haina tarehe ya mwisho iliyowekwa. Halisemi ni ya milele. Kwa kawaida ukikaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo, inakufa.

Mama yangu alipolazwa Tanga nilisafiri tarehe 3 Machi, nikarudi tarehe 6 Aprili, na nilishakwenda mara mbili kabla ya hapo ndani ya mwaka huohuo. Usiku mmoja nilikaa kwenye ngazi za hospitali nikihesabu siku kwa vidole, mdogo wangu akidhani nasali. Siku ya kuondoka na siku ya kurudi hazihesabiwi, wanahesabu siku kamili tu ulizokuwa nje. Kwa hiyo zile hazikuwa 35, zilikuwa 33. Tiketi za safari zote tatu bado ninazo, kwenye bahasha moja na kadi ya kliniki ya mama.